Kabla Cheti Hakijaaminiwa: Risponda Hufanya Kazi Gani?

Ukibonyeza "tuma" kwenye programu ya pesa, kuna mazungumzo mafupi yanayopita kabla hata shilingi moja haijasonga. Simu inaiuliza seva: wewe ni nani? Seva inatoa cheti chake cha kidijitali, simu inakikagua, na wakikubaliana ndipo njia salama inafunguka na PIN yako inaruhusiwa kupita.

Ukaguzi wenyewe si mrefu. Simu inaangalia jina lililo kwenye cheti, inaangalia saini ya shirika lililokitoa, inaangalia tarehe ya mwisho. Shida ni kwamba vitu hivyo vyote vinaweza kuwa sawa kabisa na bado cheti kiwe hakifai. Labda ufunguo wake wa siri umeibwa. Labda kilitolewa kwa mtu ambaye hakustahili kukipata. Labda mwenyewe alikibatilisha jana jioni baada ya kugundua mambo hayako sawa. Cheti chenyewe hakiwezi kukwambia hayo, kwa sababu kiliandikwa kabla hayajatokea.

Ndipo anapoingia risponda. Hii ni seva ambayo kazi yake ni moja tu: kujibu swali "cheti hiki bado ni halali?" Kama una duka au SACCO na umeunganisha mfumo wako na wetu, au umeajiri fundi wa kukuwekea waifai ya ofisi yenye usalama, neno hili utakutana nalo kwenye mipangilio, mara nyingi kwa jina la OCSP. Watu wengi huliruka. Tungependa usiliruke, na mwisho wa makala utaelewa kwa nini.

Soja, kadi ya kazi na simu ya ofisini

Chukua soja aliye langoni mwa kiwanda kule Industrial Area. Anakuja mtu na kadi ya kazi: picha ni yake, muhuri ni wa kampuni, na imeandikwa kwamba inaisha Desemba. Lakini kadi haisemi kwamba huyu jamaa aliachishwa kazi Ijumaa na hakuirudisha.

Njia ya kwanza ya kumsaidia soja ni kumbandikia orodha ukutani: hawa wote wasiingie. Kwenye mambo ya vyeti orodha hiyo ipo, inaitwa CRL, na ni ya zamani kuliko risponda. Tatizo lake ni ukubwa. Aprili 2014 kulipofichuka kasoro iliyopewa jina Heartbleed, iliyoruhusu funguo za siri kuchotwa kutoka kwa seva, vyeti vingi sana vilibatilishwa ndani ya siku chache. Orodha moja ya kampuni ya GlobalSign ilifura kutoka takriban kilobaiti 22 hadi karibu megabaiti 4.9. Fikiria kila simu ikivuta mzigo huo kabla ya kufungua ukurasa mmoja, na mwenye simu amenunua bando ya shilingi ishirini.

Njia ya pili ni soja kupiga simu ofisini: "Nina kadi nambari fulani hapa, huyu bado ni wenu?" Hiyo ndiyo OCSP. Ilichapishwa rasmi mwaka 1999 kwa jina RFC 2560, ikaandikwa upya mwaka 2013 kama RFC 6960. Anayepokea simu upande ule ndiye risponda.

Swali ni fupi sana. Anayeuliza hatumi cheti kizima. Anatuma alama fupi inayomtambulisha shirika lililotoa cheti, pamoja na nambari ya pekee ya cheti hicho. Jibu linaweza kuwa moja kati ya matatu: ni kizuri, kimebatilishwa, au hakijulikani. Likiwa "kimebatilishwa", linakuja na saa kilipobatilishwa, na wakati mwingine sababu.

Pamoja na jibu zinakuja tarehe, na hizi ndizo watu wengi hawazisomi. Moja inasema habari hizi zilikuwa kweli saa ngapi. Nyingine inasema habari mpya zitatoka lini. Kisha jibu lote linatiwa saini ya kidijitali, ama na shirika lenyewe lililotoa cheti, ama na risponda iliyopewa kibali maalum cha kutia saini kwa niaba yake. Mtu akibadilisha herufi moja njiani, saini inakataa.

Kwa sababu ya saini hiyo, risponda nyingi husikiliza kwenye anwani ya http ya kawaida, ile isiyo na kufuli. Mtu akiiona mara ya kwanza hushtuka. Lakini fikiria kidogo: kama risponda nayo ingekuwa na cheti cha kufuli, simu ingelazimika kuuliza risponda nyingine kama cheti hicho ni halali, na hiyo nyingine nayo ingekuwa na cheti chake, na mchezo usingeisha. Jibu linalindwa na saini yake. Barabara linakopitia haihitaji ulinzi mwingine ili liaminike.

"Ni kizuri" maana yake nini hasa?

Hapa ndipo penye nyama, kwa hivyo tukae kidogo.

Unadhani risponda ikisema "ni kizuri" imeenda ikatazama daftari, ikaona kwamba cheti hicho kweli kilitolewa, na kwamba hakijafutwa. Si lazima. Risponda nyingi za zamani zilifanya kazi kwa kutazama ile orodha ya waliofutwa peke yake. Nambari ikiwepo kwenye orodha, jibu ni "kimebatilishwa". Isipokuwepo, jibu ni "ni kizuri". Ni kama ofisi iulizwe kuhusu mtu ambaye hajawahi kuajiriwa, itazame daftari la waliofutwa kazi, ikose jina lake, na imwambie soja: "Hana shida, mwache apite."

Mwaka 2011 jambo hilo lilitokea kweli, na waliolilipia ni watu wengi. Uholanzi kulikuwa na kampuni ya kutoa vyeti iliyoitwa DigiNotar, ambayo hata serikali ya nchi hiyo ilitumia vyeti vyake. Katikati ya mwaka huo wavamizi waliingia kwenye mitambo yake. Tarehe 10 Julai walijitolea cheti kilichobeba jina la google.com na tovuti zake zote ndogo. Kampuni iligundua uvamizi siku chache baadaye, ikabatilisha vyeti ghushi ilivyoviona, ikanyamaza. Kile cha Google hakikuwa kati ya vilivyobatilishwa.

Mwezi wa Agosti cheti hicho kikaanza kutumika nchini Iran. Mtu akifungua barua pepe yake ya Gmail, mawasiliano yalielekezwa kwa mtu wa kati aliyeshika cheti kile. Jina lilikuwa sahihi, saini ilikuwa ya kweli ya DigiNotar, tarehe haikuwa imepita. Vivinjari viliuliza risponda ya DigiNotar. Risponda ikatazama orodha ya waliofutwa, ikakosa nambari ile, ikajibu: ni kizuri.

Kilichofichua mambo hakikuwa risponda. Kivinjari cha Chrome kilikuwa kimebeba ndani yake orodha fupi ya mashirika yanayokubaliwa kutoa vyeti vya Google, na DigiNotar haikuwemo. Mtumiaji mmoja nchini Iran akaona onyo kwenye skrini, na badala ya kubonyeza "endelea" akauliza hadharani kuna nini. Tarehe 29 Agosti cheti kikabatilishwa, na watengenezaji wa vivinjari wakaanza kuiondoa DigiNotar kwenye orodha zao za kuaminika. Kabla ya Septemba kuisha kampuni ilitangazwa kufilisika.

Wachunguzi wa kampuni ya Fox-IT walipofika walikuta jambo la ajabu. Shahidi wao bora alikuwa risponda ile ile. Kumbukumbu zake zilionyesha kila aliyeuliza kuhusu cheti kile cha Google. Kulikuwa na anwani za mtandao takriban 300,000, zaidi ya asilimia 99 zikitoka Iran, na maswali yalianza kupanda kwa kasi tarehe 4 Agosti. Yaani kwa zaidi ya wiki tatu risponda ilikuwa ikiulizwa na waathiriwa wenyewe, mamia ya maelfu yao, na kila mmoja ikimjibu kwamba hakuna shida.

Mwanzoni mwa Septemba risponda ya DigiNotar iligeuzwa. Tangu hapo ilianza kutazama daftari la vyeti vilivyotolewa, na nambari isiyokuwemo ikajibiwa "kimebatilishwa". Baadaye hilo likawa sharti kwa wote: kuanzia Agosti 2013, kanuni za jukwaa la watoa vyeti na watengenezaji wa vivinjari zilikataza risponda za vyeti vya tovuti kujibu "ni kizuri" kwa cheti ambacho hakijawahi kutolewa.

Kwa hivyo fundi wako akikwambia ameweka risponda kwenye ofisi, mwulize swali moja: inatazama daftari la waliotolewa, au orodha ya waliofutwa peke yake? Akikosa jibu, mwombe aijaribu kwa nambari ya kubuni. Kupima hivyo hakuchukui dakika kumi.

Simu ikiwa mteja

Rudi kwa soja. Amepiga ofisini, simu ni mteja. Foleni langoni inazidi, magari yanapiga honi. Atafanya nini?

Vivinjari vingi viliamua zamani: mwache apite. Sababu ilikuwa ya kibinadamu kabisa. Risponda ikilala saa moja, na kila kivinjari kikatae kuendelea bila jibu lake, maelfu ya tovuti yanafungwa ilhali hazina kosa. Kuna pia zile waifai za hoteli na mikahawa ambazo hazikuruhusu kwenda popote mpaka uandike nambari ya chumba. Ukurasa wa kuandikia nambari hiyo wenyewe una cheti, na risponda ya kukikagua iko nje ya mlango uliofungwa. Ukidai jibu kwanza, hutaingia kamwe.

Lakini tazama matokeo yake. Mwizi anayeweza kukaa katikati ya simu yako na seva anaweza pia kuziba njia ya kwenda kwa risponda. Mwaka 2009 mtafiti Moxie Marlinspike alionyesha kwamba hata hahitaji kuziba. Majibu ya kawaida ya risponda yana saini, ila majibu ya hitilafu hayana. Hitilafu nambari 3 maana yake ni "jaribu baadaye". Aliye katikati anarudisha hiyo 3, kivinjari kinasema sawa, kinaendelea na safari. Ulinzi wote unaangushwa na tarakimu moja. (Orodha ya hitilafu ina 1, 2, 3, 5 na 6. Nambari 4 haitumiki.) Kwa sababu kama hizo Google mwaka 2012 iliamua kwamba Chrome iache kuuliza risponda kwa vyeti vya kawaida, ibebe badala yake orodha fupi ya vyeti hatari zaidi vilivyobatilishwa, inayofika pamoja na masasisho.

Unaweza kusema: basi tukatae bila jibu, liwalo na liwe. Tarehe 12 Novemba 2020 wenye kompyuta za Mac walionja upande huo kidogo. Mac huuliza risponda ya Apple kuhusu cheti cha mtengenezaji wa programu wakati programu inapofunguliwa. Siku hiyo ilitoka macOS Big Sur, na risponda ikazidiwa. Haikufa kabisa, na hapo ndipo palikuwa na shida. Aliyekuwa nje ya intaneti alifungua programu zake bila taabu, kwa kuwa Mac iliona hakuna mtu wa kuuliza ikaendelea. Aliyekuwa na intaneti alikaa akitazama ikoni ikirukaruka, kwa kuwa kompyuta ilipata laini na ikawa inasubiri jibu.

Sisi tunaoshughulika na pesa za watu tunaona hivi: lango la mfanyakazi anayeingia kwenye mfumo wa malipo halifai kuachwa wazi simu ikiwa mteja. Ukurasa wa kusoma habari unaweza kuvumilia. Anayeamua kati ya hayo mawili afanye hivyo akijua, asiachie chaguo alilolikuta kwenye faili ya mipangilio.

Kuja na barua mkononi

Kuna njia ya tatu, na kwa maoni yetu ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote. Badala ya soja kupiga simu, mfanyakazi mwenyewe anapitia ofisini asubuhi, anapewa barua iliyotiwa saini na kuandikwa saa, na anaifikisha langoni pamoja na kadi. Soja anasoma saini, anatazama tarehe, basi. Seva za tovuti zinaweza kufanya hivyo: zinachukua jibu la risponda mapema na kulibandika kwenye salamu zao za kwanza kwa kivinjari. Simu haihitaji kuuliza popote, na hakuna wa kuizibia njia.

Kilichobaki kilikuwa kumlazimisha mfanyakazi aje na barua. Mwaka 2015 ikaandikwa kanuni, RFC 7633, inayoruhusu cheti chenyewe kusema: nikija bila jibu la risponda, nikatae. Kwenye karatasi ni safi sana. Kwenye maisha ya kila siku, programu kadhaa za seva zilikuwa zikisahau kuchukua barua mpya zikiwashwa upya, wenye tovuti wakajifungia nje wenyewe, na wengi wakaachana nayo.

Anayeulizwa hujua mengi

Kumbuka ile kumbukumbu ya DigiNotar iliyowasaidia wachunguzi. Sasa igeuze upande wa pili. Risponda yoyote inayoulizwa moja kwa moja na kivinjari inajua anwani fulani ya mtandao imetembelea tovuti fulani saa fulani. Hata kama anayeiendesha hataki kujua, habari zinamfikia. Na swali linapita kwenye http isiyofichwa, kwa hivyo aliye njiani anaweza kulisoma pia.

Let's Encrypt, shirika lisilo la faida linalotoa vyeti bure kwa mamia ya mamilioni ya tovuti, lilitaja faragha kama sababu yake kuu ya kufunga risponda zake. Kuanzia Mei 2025 vyeti vyake vipya havibebi tena anwani ya risponda, na tarehe 6 Agosti 2025 risponda zenyewe zilizimwa. Wakati wa kilele zilikuwa zikijibu takriban maswali bilioni 340 kwa mwezi. Jukwaa la watoa vyeti lilikuwa tayari limeamua mwaka 2023 kwamba risponda si lazima tena kwa vyeti vya tovuti, na kwamba orodha ndizo za lazima.

Kwa hivyo tumerudi kwa orodha ya ukutani? Kwa kiasi fulani, ndiyo, ila sasa inabanwa kwa ustadi na kuletwa na kivinjari chenyewe. Njia nyingine ni kufupisha maisha ya kadi. Kuanzia Machi 2026 cheti cha tovuti hakiruhusiwi kuishi zaidi ya siku 200, Machi 2027 zitakuwa 100, na kufikia Machi 2029 zitakuwa 47. Kadi inayoisha kesho kutwa haina haja kubwa ya kuulizwa.

Kwako wewe mwenye simu, hili lina maana moja ya moja kwa moja. Habari za vyeti vilivyobatilishwa sasa hukufikia kupitia masasisho ya kivinjari. Aliyezima masasisho ili kuokoa bando anatembea na orodha ya zamani.

Kule risponda bado ina kazi: waifai ya ofisi

Usidhani basi risponda imezikwa. Ndani ya mitandao ya ofisi, benki, hospitali na vyuo bado ina kazi nyingi, hasa pale ambapo kompyuta na tableti zinaingia kwenye mtandao kwa cheti badala ya nenosiri. Mtindo huo unaitwa EAP-TLS. Kila kifaa kina cheti chake. Kikitaka kuingia kwenye waifai, seva ya utambulisho, mara nyingi FreeRADIUS au ile ya Microsoft, inakagua cheti na kuamua.

Sema SACCO yako ina tableti sita za makeshia wa nyanjani, na moja inapotea kwenye matatu Jumanne jioni. Cheti kilichomo kinaisha mwaka ujao. Msimamizi anakibatilisha saa hiyo hiyo na kulala kwa amani. Je, tableti ile itakataliwa Jumatano asubuhi ikiletwa karibu na ofisi?

Inategemea mambo ambayo pengine hakuna aliyewahi kuyaangalia. La kwanza, je, seva inauliza risponda kabisa? Kwenye faili ya mfano inayokuja na FreeRADIUS, sehemu ya OCSP huwa imezimwa. Pia anwani ya risponda iliyoandikwa mle ni ya mashine yenyewe, na imepangwa kupewa kipaumbele kuliko ile iliyo kwenye cheti. Fundi anayebadilisha neno moja tu kuwa "yes" anaiacha seva ikijiuliza yenyewe.

La pili, jibu likikosekana inakuwaje? Kuna mpangilio unaoitwa softfail. Ukiwashwa, seva inaruhusu kuingia risponda isipopatikana. Mafundi huuwasha siku risponda inapogoma na bosi anapiga kelele kwamba hakuna mtandao, kisha husahau kuuzima. Kwa tableti zinazogusa pesa za wanachama, sisi tungeuacha umezimwa, na badala yake tungeweka risponda mbili ili moja ikilala nyingine ijibu.

La tatu ndilo linalowashangaza wengi. Risponda inapata wapi habari zake? Huduma ya Microsoft ya Online Responder, iliyokuja na Windows Server 2008, husoma orodha ya waliofutwa. Na orodha hiyo, kwa mpangilio wa kawaida wa mtoa vyeti wa Microsoft, hutolewa mara moja kwa wiki. Msimamizi akibatilisha cheti Jumanne na asitoe orodha mpya kwa mkono, risponda inaweza kuendelea kusema "ni kizuri" siku kadhaa, huku ikitia saini kila jibu kana kwamba limepikwa sasa hivi. Saini ni ya leo, habari ni za wiki jana. Hata orodha mpya ikitolewa, risponda na seva zinaweza kuendelea na jibu la zamani mpaka tarehe yake ifike, kama zimepangwa kuweka akiba ya majibu. Kifaa kikipotea, basi: batilisha, toa orodha mpya papo hapo, ilazimishe risponda kuisoma, kisha jaribu nambari ile ile uone jibu kwa macho yako. Na uifunge akaunti ya keshia huyo kwa upande wa malipo bila kungoja mengine yote.

Upande wa kifaa nao una kitendawili chake. Tableti inataka kujua kama cheti cha seva ya waifai ni halali, lakini haiwezi kuuliza risponda kwa kuwa bado haijaingia kwenye mtandao. Yai na kuku. Kanuni mpya ya mwaka 2022, RFC 9190, inaitaka seva ya EAP-TLS inayotumia TLS 1.3 iwe na uwezo wa kuja na barua mkononi, jibu la risponda likiwa limebandikwa tayari. Ukinunua vifaa vipya vya mtandao, ulizia hilo dukani.

Wewe uliye na simu tu

Tarehe ya simu yako iwe sahihi, na uiache ijipange yenyewe kutoka kwa mtandao. Simu iliyoisha betri ikarudi kwa mwaka wa zamani huona vyeti na majibu ya risponda kama mambo ya kesho yasiyofika bado, na itavikataa hata kama seva haina kosa. Kabla hujapiga kwa huduma kwa wateja kwamba programu "imegoma kufunguka", tazama saa kwanza.

Onyo la cheti likitokea ukiwa kwenye ukurasa wa malipo, usibonyeze "endelea". Kama uko kwenye waifai ya hoteli au ya mkahawa, iondoe, tumia data yako, ujaribu tena. Onyo likiondoka, waifai ile ilikuwa na jambo. Likibaki, acha muamala, piga picha ya skrini ututumie. PIN yako usiiandike kwenye ujumbe huo, wala kwa mtu yeyote atakayekupigia baadaye akidai ni sisi.

Na kama una mtengenezaji anayekuandikia mfumo wa duka unaopokea taarifa za malipo, mwambie akuonyeshe mahali ambapo msimbo unakagua vyeti. Kuna mstari mfupi wa kuzima ukaguzi huo ambao watengenezaji huuweka wakati wa majaribio ili kazi iende haraka. Ukiukuta kwenye mfumo ambao tayari unapokea pesa za kweli, uondolewe leo hii, kabla ya mauzo ya jioni.